Jinsi ya kuwaita ndege wanaoitwa chozi bustanini kwako ukiwa Arusha au Moshi, na namna ya kuwaangalia

Kwanza tuwekane sawa, maana kila siku kuna mtu anarusha kivideo status anaandika "jamani nimepata hamingbedi hapa Njiro". Aisee hamingbedi, yule ndege mdogo anayeelea mbele ya maua, Afrika hayupo, hata mmoja. Wapo aina zaidi ya 350 na wote wako Amerika, kuanzia Alaska huko juu mpaka ncha ya kusini kabisa. Huyo uliyemrekodi ni chozi, ndege wa kwetu, na wala hawana undugu wa karibu, ni vile tu wote wawili wanaishi kwa kunyonya maua basi wakaishia kufanana mdomo mrefu mwembamba, ulimi wa kufyonzea na zile rangi za kumetameta. Na kama ulichorekodi kilikuja magharibi giza linaingia, kinaelea mbele ya ua hakitui kabisa, kina vipapasio viwili kichwani, basi huyo hata ndege sio, ni nondo.

Tofauti moja ya hawa wawili ishike kwasababu ndo itakuongoza kupanda. Hamingbedi anakula akiwa hewani, anaelea, hata kurudi nyuma anaruka. Chozi kuelea anaweza ila kwa sekunde chache tu anachoka, yeye anataka atue, ashike kitu kwa miguu, ndo achomeke mdomo. Kwahiyo ua linaloning'inia kwenye kijiti laini kisichobeba hata nyuki, hilo ni la hamingbedi wa watu. Sisi tunataka maua yenye shina gumu chini yake.

Sasa jambo lenyewe. Watu wengi wakisikia kuvuta ndege wanawaza kununua chupa ya kuning'iniza yenye maji ya sukari. Mi naona hiyo ni ya mwisho kabisa kwenye foleni. Arusha na Moshi chozi wapo tayari, wanapita juu ya bati lako kila siku wakienda kwa jirani, swali ni kwanini washuke kwako na wakishuka kwanini wabaki. Wanabaki kama kuna ua la kunyonya mwaka mzima, sio mwezi mmoja. Ukiwa na mti mmoja unaochanua Oktoba halafu basi, utawaona Oktoba. Kwahiyo kazi yako ni kupanga maua yapokezane zamu.

Anza na shubiri. Sio lazima ile ya kupaka usoni, hizi zetu za porini ndo nzuri zaidi, kuna ile Aloe secundiflora imejaa njia yote ya kushuka huku kwenye ukame, watu wanaipanda mpaka uzio, na kuna Aloe volkensii ambayo inarefuka inakuwa kama mti. Hizi zinachanua sana kipindi cha ukavu katikati ya mwaka, muda ambao vitu vingine bustanini vimesinyaa na baridi ya Juni Julai, na hapo ndo chozi anakuwa na shida kweli. Shina la ua ni gumu, anatua juu yake vizuri, anashuka ua moja moja. Panda kwenye jua kali, udongo usiotuamisha maji, na usiibembeleze kwa mpira wa maji kila jioni, inaoza. Usiende kung'oa za porini lakini, watu wa vitalu vya maua barabarani wanazo, na jirani mwenye uzio wa shubiri atakupa machipukizi bure tu ukimwomba.

Ya pili ni gugu. Ndiyo, gugu, na wengi mnalifyeka. Ni lile refu, shina lake lina pembe nne, maua ya rangi ya machungwa yamekaa kwenye vimpira vya miiba vilivyopangana kwenye shina kama ghorofa, linaota pembeni ya barabara na kwenye mashamba yaliyolala baada ya mvua. Kitaalamu ni Leonotis. Kama kuna mmea mmoja chozi wanauabudu huku kwetu ni huu. Ukiukuta umekauka, chukua kimpira kimoja (vaa glovu au shika na kitambaa, kinachoma hicho), kung'uta juu ya gazeti, mbegu nyeusi zitadondoka, zimwage kwenye kipande cha udongo uliochimbuliwa mwanzoni mwa masika, umemaliza. Simama karibu likichanua uone kitu: chozi anatua kwenye ghorofa ya chini, anainua kichwa anachomeka mdomo kwenye ua la juu yake, na kila akichomeka ile mdomo ya juu ya ua yenye manyoya inamgusa kwenye paji, akitoka ana vumbi la njano hapo hapo katikati ya macho, anaondoka nalo mpaka kwenye shina linalofuata. Yaani analipa kodi ya chakula bila kujua.

Za uzio: ile tekoma ya maua ya machungwa ya virija, inashika kwa vipande vya shina tu, na hibiskasi, hasa ile ambayo ua jekundu halifunguki, linabaki limejikunja kama limelala. Hiyo ya kulala ipo kwenye fensi nyingi za zamani za Moshi, Shanty Town imejaa. Kata kipande cha urefu wa shibiri moja kipindi cha mvua, toa majani ya chini, chomeka kwenye kivuli, mwagilia. Mara nyingine utamwona chozi hahangaiki kupitia mlangoni, anatoboa ua kwa ubavuni karibu na kitako anafyonza anaondoka, hiyo ni wizi maana uchavushaji hafanyi, ila we mwache. Kana nazo, yale maua yenye majani mapana, wanapenda, na zinaota popote maji ya bafuni yanapomwagika.

Kama una nafasi ya mti, mgrivea. Najua unajulikana kwa mbao na kivuli cha kahawa lakini maua yake yale ya njano-machungwa kama brashi yana nekta (yale majimaji matamu ya ndani ya ua) mpaka inadondoka, likichanua utasikia kelele za ndege asubuhi nzima. Boto brashi nayo. Jakaranda za mjini chozi wanaingia ila wanakaa juu sana, shingo itauma.

Waridi hapana. Najua mama mwenye nyumba anayapenda, lakini waridi halina nekta ya kumlisha ndege, ni urembo wa binadamu. Bogenvilea hivyohivyo, inapendeza, ni maficho mazuri ya kujenga kiota, ila kwenye chakula usiihesabu.

Na kwa mliopo kihambani, kwenye mashamba ya nyumbani ya mlimani, Kibosho, Machame, Marangu na huko, nyie mnacho tayari: mgomba. Lile ua la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu, kila ganda likijiinua kuna safu ya vijiua vyeupe-njano na ndani kuna nekta nzito kama ute. Chozi anajishikiza ubavuni kichwa chini miguu juu, anapita safu nzima, anazunguka upande wa pili. Hapa kuna kamgogoro kidogo, maana bwana shamba anashauri ua hilo lichunwe mapema kwa kijiti cha panda ili wadudu wasieneze mnyauko wa bakteria, na kwenye hilo bwana shamba yuko sahihi, usibishane naye kwasababu ya ndege. Kama eneo lenu lina mnyauko, toa maua yote, chozi watapata pengine. Kama hakuna ugonjwa na una migomba mitatu minne nyuma ya nyumba ya kula mwenyewe, acha hata mmoja na ua lake.

Haya, maua peke yake hayatoshi na hapa ndo wengi wanakwama. Chozi mkubwa anaishi kwa nekta lakini kifaranga analishwa wadudu, tena vijibuibui na viwavi vidogo laini. Ukipulizia dawa kila wiki kwasababu umeona vidukari kwenye mchaichai, umefunga jiko la watoto. Vidukari piga kwa maji yenye sabuni kidogo, au waache wiki moja uone kama chozi na ndege wengine wadogo hawajawala. Na utando wa buibui, jamani, ule wa nje kwenye kona za baraza na kwenye fensi, usiufagie wote. Jike la chozi linajengea kiota. Linakuja linavuta nyuzi kwa mdomo, linazikusanya, linaenda kushonea majani makavu, magome, nyasi, mpaka linatoka kifuko kinachoning'inia chenye mlango ubavuni na kibaraza juu ya mlango, na chini kimeachiwa mkia wa takataka ili mtu ukipita uone ni uchafu tu umenasa. Wajanja sana. Utakikuta kwenye kijiti cha bogenvilea, kwenye waya wa kuanikia nguo, hata kwenye waya wa taa ya baraza.

Ukikikuta, usikiguse, usikate matawi ya karibu, nguo anika upande mwingine kwa muda. Mayai mara nyingi ni mawili, analalia jike peke yake kama wiki mbili, halafu vifaranga wanakaa ndani wiki mbili nyingine hivi, dume anasaidia kulisha. Angalia ukiwa mita tano au zaidi, na ukiona jike lina chakula mdomoni linarukaruka haliingii ujue wewe ndo tatizo, rudi nyuma. Ukiona siku moja mama mdogo wa gramu chache analisha kitoto kikubwa kumzidi mara mbili, sio muujiza, kuna aina ya kekeo anataga kwenye viota vya chozi na kuwaachia malezi. Inauma kutazama lakini usiingilie.

Maji wanayataka ya kuoga zaidi ya kunywa. Beseni la maji wanalipita, wao wanapenda majani yaliyolowa, wanajisugua kwenye jani la mgomba au la kana lenye umande. Ukimwagilia asubuhi nyunyiza juu ya majani makubwa, sio kwenye mizizi tu, kisha sogea pembeni usubiri.

Chupa ya sukari sasa, kwa mnaoitaka. Kikombe kimoja cha sukari kwa vikombe vinne vya maji, chemsha ikolee, acha ipoe kabisa. Sukari nyeupe ya kawaida. Asali usiweke, inaota ukungu haraka na inaweza kuwaua. Rangi nyekundu ya keki usiweke, ndege haihitaji, ukitaka chupa ionekane ifunge utepe mwekundu au ipake rangi ya kucha kwa nje karibu na tundu. Na kwavile wetu ni wa kutua, funga kijiti mbele ya tundu, chupa za madukani nyingi zimetengenezwa kwa hamingbedi hazina pa kukaa, utashangaa kwanini hawaji. Badilisha kila siku mbili, Moshi kwenye joto la Februari kila siku, osha kwa maji moto na brashi. Sisimizi wazuie kwa kupaka mafuta mazito kwenye kamba ya juu. Shida yangu na chupa ni nyuki. Nyuki wetu sio wa mchezo, chupa ikivuja kidogo tu kundi limekuja, na kama una watoto wadogo au mbuzi amefungwa karibu mimi nakushauri uachane nayo. Ukiamua, iweke mbali na mlango na mahali watoto wanapochezea. Shore na kwera nao watataka zamu, huwezi kuwafukuza wote.

Paka ni adui namba moja, hasa kwa mmea mfupi. Usipande maua yao pembeni ya kichaka ambacho paka anajificha, acha kama mita mbili za uwazi. Adui namba mbili ni manati. Ukigombeza watoto wa mtaa watakuja ukiwa kazini, bora uwape kazi, mmoja awe mlinzi wa kiota, uone atakavyowakalia kooni wenzake.

Kuangalia. Saa za kazi ni kuanzia saa 12 na nusu asubuhi mpaka kama saa 4, na tena saa 10 jioni jua likipungua makali. Masika wanakuja katikati ya mvua mbili, mvua ikikata tu toka nje. Kitu cha msingi kuliko darubini ni wapi unakaa: jua liwe mgongoni kwako. Zile rangi sio rangi ya kupakwa, unyoya wenyewe kwa asili ni mweusi-mweusi, ni umbo lake dogo dogo linavyovunja mwanga ndo linatoa kijani na zambarau. Ukikaa ukitazamana na jua utaona ndege mweusi tii, utasema wa kwangu hawana rangi, kumbe umekaa vibaya. Sogeza stuli upande wa pili wa ua, ndege yule yule anawaka.

Vaa nguo zilizopoa rangi, kaa, usisimame simame. Usimfuate ndege, chagua ua moja linalotembelewa na usubiri hapo, kwasababu chozi ana ratiba, akishanyonya ua anajua linahitaji muda kujaa tena, anazunguka anarudi. Darubini ya 8x42 (inayokuza mara 8, lenzi ya mbele milimita 42) inatosha sana kwa bustani, na kama huna, mita nne kutoka kwenye shubiri macho yanatosha. Simu itakupa picha mbovu, rekodi video badala yake ndo utoe picha humo. Programu ya simu ya kutambua ndege inayoitwa Merlin ni ya bure na ina ndege wa Tanzania, na inasikiliza sauti, ingawa chozi wengi wanaongea "tsip tsip" tu hivyo usiiamini mia kwa mia.

Utakaowaona. Wa kwanza na wa kawaida kuliko wote ni mdogo mwenye kichwa na mgongo wa bluu-kijani, kifua zambarau, tumbo la njano, Cinnyris venustus. Huyo yuko kila mtaa Arusha. Mkubwa mweusi-kahawia mwenye kifua chekundu cha kuwaka, paji la kijani, ni Chalcomitra senegalensis, na kuna ndugu yake mweusi asiye na kifua chekundu ila koo linatoa waridi-zambarau likipata jua, Chalcomitra amethystina, wageni wanaowachanganya hao wawili ni wengi. Mwenye mkia wenye nyoya mbili ndefu, mdomo uliopinda sana, mweusi kwa mbali na shaba-dhahabu kwa karibu, huyo ni Nectarinia kilimensis, jina lake limetokana na mlima wetu, na anapenda ubaridi kwahiyo Ngaramtoni, Usa River na Marangu utampata kirahisi kuliko Moshi mjini. Huku chini kwenye joto na ukame kuelekea tambarare kuna kadogo kenye mkia mrefu, kijani, kifua chekundu chenye njano pembeni. Na ukipanda Kilimanjaro ukipita msitu, kwenye lobelia zile kubwa, kuna wa kijani mwenye mkia mrefu, Nectarinia johnstoni, huyo hatashuka kwako hata upande nini.

Hao wote ni madume. Majike ni rangi ya kijivu, kahawia au kijani cha zeituni, wengine tumbo njano njano, ukiona ndege "wa kawaida" mwenye mdomo uliopinda usimdharau, mtazame anaongozana na nani ndo utajua ni wa aina gani. Na baadhi ya aina dume akimaliza msimu wa kuzaa anavua suti anabaki amechakaa kama jike kwa miezi, usidhani amekufa.

Halafu kuna ugomvi. Dume akishika kichaka cha Leonotis anakilinda kutwa. Mwaka 1975 Wamarekani wawili, Frank Gill na Larry Wolf, walichapisha utafiti wao wa Kenya juu ya chozi wa mabawa ya dhahabu kwenye maua haya haya, wakaonyesha ndege analinda eneo pale nekta iliyomo inapolipa nguvu anayotumia kufukuza wenzake, isipolipa anaachia. Kwa bustani yako maana yake ukipanda vyote sehemu moja dume mmoja atakalia vyote na utabaki na ndege mmoja. Gawa, kichaka kimoja mbele ya nyumba, kingine nyuma ambapo wa mbele hawezi kuona, utapata wawili na majike yao.

Ukali huo huo ndo unawapeleka kwenye vioo. Dume anajiona kwenye kioo cha pembeni cha gari au dirisha, anadhani ni mwenzake amevamia, anagonga kutwa nzima mpaka anachoka na gari limejaa mavi meupe mlangoni. Kwenye dirisha bandika gazeti kwa nje au paka sabuni ya kipande kioo kisiakisi, wiki chache tu msimu ukiisha anatulia. Kwenye gari vika soksi kubwa kila kioo ukishapaki, na asubuhi ukitoka getini kumbuka kuzivua kabla hujafika kwa trafiki.